Daftari la Matukio Ndani ya Ala ya Kupimia Umeme

Ala ya kisasa ya kupimia umeme ina majibu ya namna mbili. Jibu la kwanza ni namba inayoonekana kwenye kioo chake: volti kadhaa, ampea kadhaa, au omu kadhaa. Jibu la pili halionekani kwenye kioo, na mara nyingi hakuna anayelisoma. Hilo ni maelezo ya ala yenyewe juu ya hali iliyokuwa nayo ilipokuwa ikifanya kazi. Je, ilikuwa imetulia? Je, kiasi kilichopimwa kilizidi uwezo wake? Je, umeme ulikatika na kurudi katikati ya kazi? Maelezo hayo huwekwa ndani ya ala katika nafasi ndogo za kumbukumbu ziitwazo rejista za hali. Anayeiongoza ala kwa kompyuta bila kuzisoma rejista hizo hana tofauti na hakimu anayepokea maneno ya shahidi bila kumuuliza alikuwa amesimama wapi.

Chukulia kwamba mafundi wa maabara fulani wanakijaribu kidhibiti cha jokofu la kutunzia chanjo. Kwa kawaida jokofu la namna hiyo hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na kidhibiti ndicho kinachoamua lini mashine yake iwake na lini izime. Kidhibiti kimeunganishwa na kitoa umeme, yaani chombo cha maabara kinachotoa umeme wa mwelekeo mmoja, kama ule wa betri, kwa kiasi kinachoamriwa. Kimeamriwa kitoe volti 12, na kimewekewa mpaka wa ampea 1 ili pakitokea hitilafu mkondo usiunguze kitu. Pembeni ipo multimita, ambayo kompyuta inaiamuru isome volteji kila baada ya dakika moja kwa muda wa saa 12, tangu jioni hadi alfajiri.

Asubuhi mafundi wanakuta namba 720, na zote ni volti 12, zikipishana kwa sehemu chache za elfu. Kidhibiti kinaonekana ni kizima. Lakini usiku, kwa muda wa nusu sekunde, kidhibiti kilitaka ampea 1.4. Kitoa umeme kilipofika kwenye mpaka wake kiliacha kuishikilia volteji, kikaanza kuushikilia mkondo, na volteji ikaporomoka hadi volti 8.6 hivi. Kisha mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Katika nusu sekunde hiyo mikroprosesa ya kidhibiti ilizimika na kuwaka upya, ikasahau halijoto iliyoamriwa kuitunza. Kidhibiti cha namna hiyo kikifungwa kwenye jokofu la zahanati, chanjo zaweza kupoteza nguvu bila muuguzi kujua, kwa kuwa chanjo nyingi zilizoharibiwa na joto hazionyeshi dalili yoyote kwa macho.

Multimita haikusema uongo. Iliulizwa mara 720 na ikajibu ukweli mara 720. Aliyeliona tukio ni kitoa umeme, nacho kikaliandika katika rejista yake. Kilichokosekana ni mtu wa kukiuliza.

Namna ya kuisoma namba ya rejista

Rejista ni safu ya nafasi chache, aghalabu 8 au 16, na kila nafasi hushika alama moja tu kati ya mbili: 0 au 1. Nafasi hiyo huitwa biti. Biti yenye 1 ni kama taa iliyowashwa, na yenye 0 ni kama taa iliyozimwa, na kila taa imepewa maana yake. Hata hivyo, kompyuta inapouliza, ala hairudishi safu ya taa bali hurudisha namba moja ya kawaida. Namba hiyo hupatikana kwa kujumlisha thamani za biti zilizowashwa, na thamani hizo ni vipeo vya mbili. Biti 0 ina thamani ya 1, biti 1 ina 2, biti 2 ina 4, biti 3 ina 8, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili, hadi biti 7 yenye 128. Kwa hiyo jibu la 72 lina tafsiri moja tu: ni 64 na 8, yaani biti 6 na biti 3 zimewaka na nyingine zote zimezima. Hapana njia nyingine ya kupata 72 kwa kujumlisha thamani hizo bila kurudia hata moja. Mwanafunzi na azingatie kwamba hesabu huanzia sifuri. Biti 6 ni ya saba katika safu, na kosa hilo dogo la kuhesabu limewapotezea watu mchana mzima.

Mpango wa rejista hizi haukuzaliwa siku moja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilianza kubuni njia moja ya kuziunganisha ala zake na kompyuta, badala ya kila ala kuwa na waya za namna yake. Mwaka 1975 njia hiyo ilikubaliwa na taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, ikapewa namba 488. Ina waya 16 za ishara: 8 za kupitishia data, 3 za kuhakikisha kwamba msemaji hawaachi nyuma wasikilizaji, na 5 za uongozi. Vyombo vinavyoungwa pamoja havitakiwi kuzidi 15, wala waya zote kwa jumla kuzidi meta 20. Lakini kanuni ya mwaka 1975 ilizieleza waya na taratibu za kupeana zamu. Haikuyaeleza maneno yatakayosemwa. Kila kiwanda kilichagua amri zake na kuzipanga biti za hali kwa namna kilivyopenda, isipokuwa biti 6 peke yake, ambayo maana yake ilikuwa moja kwa wote. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya multimita ya kiwanda kimoja ilikuwa haifai kitu kwa multimita ya kiwanda cha pili.

Dawa ilipatikana kwa hatua mbili. Mwaka 1987 ilitolewa kanuni ya IEEE 488.2, iliyozipanga rejista za msingi na kuweka amri za pamoja zinazoanza kwa alama ya nyota. Mwaka 1990 watengenezaji kadhaa wakakubaliana juu ya lugha iitwayo SCPI, ambayo juu ya rejista hizo za msingi iliongeza nyingine mbili zenye biti 16: moja ya mambo ya shaka, na nyingine ya utendaji. Ala nyingi zinazouzwa siku hizi bado zinaufuata mpango huo, zikiwamo zile zinazounganishwa kwa waya wa USB au wa mtandao.

Hali si tukio

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba katika SCPI rejista ya shaka si rejista moja bali ni familia, na kila mmoja katika familia hiyo ana tabia yake. Ili kuzitofautisha, mfano wa mlinzi wa usiku unafaa. Mlinzi huona yanayotendeka sasa hivi, na pia ana daftari ambamo huandika yaliyotokea. Ukimuuliza saa kumi na mbili asubuhi, "Lango limefunguliwa?" atatazama na kujibu kwamba limefungwa. Swali hilo halikuambii kama lilifunguliwa saa nane usiku. Kwa hilo hapana budi ulisome daftari.

Anayetazama lango ni rejista ya hali. Huulizwa kwa amri ya STAT:QUES:COND?, na jibu lake ni la wakati ule ule tu. Hali ikibadilika, nayo hubadilika. Kuisoma hakuifuti, na kutoisoma hakuihifadhi. Katika mfano wa jokofu, biti 0 ya rejista hii iliwaka kwa nusu sekunde kisha ikazima, na aliyeiuliza dakika iliyofuata aliikuta 0.

Daftari ni rejista ya tukio, inayoulizwa kwa STAT:QUES:EVEN?. Biti yake ikishawaka haizimi yenyewe, hata kama hali iliyoiwasha imekwisha zamani. Itakaa imewaka hadi mtu aisome, na akishaisoma rejista nzima hufutika. Ni kama ubao wa chaki unaojifuta mara tu msomaji anapoutazama. Tabia hii ya pili ni muhimu kama ile ya kwanza, na itaelezwa baadaye jinsi inavyowaponza watu.

Kati ya hali na tukio kuna machujio mawili. Moja, STAT:QUES:PTR, huamua ni biti zipi zitaandikwa daftarini zinapotoka 0 kwenda 1, yaani jambo linapoanza. La pili, STAT:QUES:NTR, huamua zipi zitaandikwa zinapotoka 1 kurudi 0, yaani jambo linapokwisha. Kwa kawaida ya mpango huu, la kwanza hupitisha kila kitu na la pili halipitishi chochote, na kwa kazi nyingi hiyo inatosha. Chujio la pili lina faida pale mtu anapongoja jambo limalizike, mathalani tanuri la majaribio litulie.

Mwisho ipo rejista ya ruhusa, STAT:QUES:ENAB. Hii haiandiki kitu. Kazi yake ni kuchagua ni matukio yapi yenye uzito wa kupelekwa ngazi ya juu. Tukio lisilopewa ruhusa bado litaandikwa daftarini. Ila hakuna atakayeamshwa kwa ajili yake.

Maana za biti katika rejista ya shaka zimepangwa kwa jumla: biti 0 ni volteji, biti 1 ni mkondo, biti 4 ni halijoto, biti 5 ni masafa, biti 8 ni ugezi, yaani ulinganishaji wa ala na kipimo cha rejea. Biti ya mwisho kabisa, ya 15, haitumiki, na kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kurudishwa ni 32767. Hata hivyo kitabu cha ala hakina mbadala. Katika vitoa umeme vingi biti 0 ya rejista ya shaka ndiyo inayowaka volteji inapoacha kushikiliwa, lakini baadhi ya watengenezaji huiweka habari hiyo katika rejista ya utendaji. Mpango wa pamoja umepunguza tofauti, haukuzimaliza.

Baiti ya hali na kengele ya basi

Matawi yote haya huishia kwenye baiti moja, iitwayo baiti ya hali, ambayo ni muhtasari wa ala nzima. Biti 2 husema kwamba kuna kosa katika foleni ya makosa. Biti 3 ni muhtasari wa rejista ya shaka. Biti 4 husema kwamba jibu liko tayari kusomwa. Biti 5 ni muhtasari wa rejista ya matukio ya kawaida, itakayoelezwa hivi punde, na biti 7 ni muhtasari wa rejista ya utendaji. Biti 6 ndiyo ile ya mwaka 1975: ala inaomba kuhudumiwa.

Maombi hayo hupitia waya mmoja tu kati ya zile 5 za uongozi, na waya huo ni wa ala zote. Hapa mtu anaweza kufikiria yale mabasi ya abiria yenye kamba ya kengele iliyopita juu ya viti. Abiria yeyote akiivuta, dereva husikia kwamba yupo anayetaka kushuka, lakini hamjui ni nani. Kondakta ndiye anayepita kuuliza. Kompyuta nayo ikisikia kengele huiuliza kila ala kwa zamu, na kila ala hujibu kwa baiti yake ya hali. Ile yenye biti 6 iliyowaka ndiyo iliyovuta kamba. Kwa kuulizwa huko kwa zamu biti 6 huzimika, maana ombi limekwisha kusikika. Ipo pia amri ya *STB?, inayorudisha baiti hiyo hiyo kama jibu la kawaida. Lakini kwa njia hiyo biti 6 haizimwi, kwani hapo ina maana tofauti kidogo: sababu ya kuomba huduma bado ipo. Amri ya *SRE ndiyo inayochagua ni biti zipi za baiti ya hali zenye haki ya kuivuta kamba.

Rejista ya matukio ya kawaida ina biti 8, na inapatikana katika kila ala inayofuata kanuni ya mwaka 1987. Biti 0 husema kwamba kazi zilizoamriwa zimekamilika. Biti 2 ni kosa la kuuliza na kujibu, kwa mfano kompyuta kungoja jibu la swali ambalo haikuuliza. Biti 3 ni hitilafu ya ala yenyewe. Biti 4 ni amri sahihi isiyotekelezeka, kama kuamuru volti 500 kwa chombo cha volti 30. Biti 5 ni amri isiyoeleweka, mara nyingi kwa sababu ya herufi iliyokosewa. Biti 7 husema kwamba ala imewashwa upya. Rejista hii husomwa kwa *ESR?, nayo hufutika ikisomwa. Na rejista yake ya ruhusa ni *ESE.

Kwa maelezo hayo jaribio la jokofu laweza kupangwa upya. Kabla ya kuanza, kompyuta inakipelekea kitoa umeme amri sita:

*PSC 0
*CLS
STAT:PRES
STAT:QUES:ENAB 1
*ESE 188
*SRE 40

Ya kwanza inahusu kukatika kwa umeme, na maelezo yake yako mbele. Ya pili inafuta madaftari yote ya matukio pamoja na foleni ya makosa, ili usiku uanze na ukurasa mtupu. Ya tatu inarudisha machujio na ruhusa za SCPI kwenye kawaida yake. Ya nne inaruhusu biti 0 ya rejista ya shaka. Namba 188 ni jumla ya 128, 32, 16, 8 na 4: kuwashwa upya na makosa ya namna zote nne. Na 40 ni 32 na 8, yaani biti 5 na biti 3 za baiti ya hali zinaruhusiwa kuomba huduma.

Sasa kidhibiti kikivuta ampea 1.4, kengele inalia. Kompyuta inauliza kwa zamu na kupata 72: biti 6, ala hii ndiyo iliyoomba, na biti 3, sababu iko katika rejista ya shaka. Inauliza STAT:QUES:EVEN? na kupata 1. Inauliza STAT:QUES:COND? na kupata 0 ikiwa volteji imekwisha kurudi, au 1 ikiwa bado. Kisha inaandika saa na dakika kwa kutazama saa yake yenyewe. Hatua hii ya mwisho si ya kupuuzwa, kwa kuwa daftari la ala halina saa, wala halihesabu. Matukio mia moja ya aina moja na tukio moja huacha alama ile ile.

Kwa anayeona mambo ya kengele ni mazito, ipo njia nyepesi zaidi: kila baada ya kusoma volteji, kitoa umeme kiulizwe STAT:QUES:EVEN? na jibu liandikwe katika safu ya pili. Asubuhi kungekuwa na namba 720 za volti 12, na pembeni yake sifuri 719 na 1 moja. Hiyo 1 moja ndiyo matokeo ya jaribio zima.

Yanayowaponza watu

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuitikia kengele bila kulisoma daftari. Programu inauliza kwa zamu, inaona ala iliyoomba, inaandika "kuna jambo," kisha inaendelea na shughuli zake. Biti 6 imezimika, lakini biti ya rejista ya tukio bado inawaka, na kwa hiyo muhtasari wake katika baiti ya hali nao unawaka. Ala huomba huduma panapotokea sababu mpya. Tukio la pili la aina ile ile likija linakuta taa imekwisha kuwaka. Hakuna kilichobadilika, na kengele hailii. Programu husikia mlio wa kwanza, kisha kimya kitupu hadi asubuhi, na mafundi wakaamini kwamba tatizo lilijitokeza mara moja tu.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo: kufuta ovyo. Wapo wanaoiweka amri ya *CLS kabla ya kila kipimo kwa dhana kwamba usafi hauwezi kudhuru. Programu ya namna hiyo hufuta mara 720 kwa usiku mmoja, na kila tukio lililotokea kati ya kipimo na kipimo hupotea bila kusomwa. Amri hiyo ina mahali pake, nao ni mwanzo wa kazi. Na wanaodhani kwamba *RST, amri ya kuirudisha ala kwenye mipangilio ya awali, nayo hulifuta daftari, wanajidanganya. Rejista za tukio na za ruhusa haziguswi na amri hiyo. Matokeo yake ni kwamba jaribio la leo laweza kulaumiwa kwa tukio la jana.

Linalofanana na hilo ni kuwa na wasomaji wawili. Programu moja inasimamia jaribio na nyingine inatazama afya ya ala, na zote zinauliza *ESR?. Atakayetangulia ndiye atakayepata habari. Wa pili atapata sifuri na kuridhika. Katika mfumo wowote rejista za tukio ziwe na msomaji mmoja, naye awagawie wengine.

Kwa upande wa multimita kuna tahadhari ya peke yake. Kiasi kinachopimwa kikizidi upeo wa ala, SCPI haitumi neno bali hutuma namba inayosimama badala ya visivyo na mwisho: 9.9 mara 10 kwa kipeo cha 37. Programu isiyoijua maana yake itaijumlisha pamoja na nyingine na kutoa wastani. Wastani huo angalau ni wa ajabu kiasi cha kumshtua mtu. Hatari zaidi ni programu inayozitupa namba zote zisizo za kawaida bila kuacha alama, kwa kuwa hutoa jedwali zuri lisiloonyesha kwamba kipimo kilishindikana. Rejista ya shaka ya multimita hulihifadhi jambo hilo.

Umeme unapokatika

Katika nchi ambamo umeme hukatika mara kwa mara, biti 7 ya rejista ya matukio ya kawaida ni rafiki mkubwa. Umeme ukikatika saa saba usiku na kurudi baada ya dakika tatu, kompyuta yenye betri yake huendelea kufanya kazi, lakini kitoa umeme huwaka kikiwa na mipangilio yake ya mwanzo, na vingi huwaka vikiwa vimefunga njia ya kutolea umeme. Hapo multimita itasoma sifuri na tatizo litaonekana. Lakini ikiwa aliyekatikiwa ni multimita peke yake, kwa mfano plagi yake imelegea, itarudi ikiwa na upeo na mwendo wa upimaji tofauti na ulioamriwa, huku ikiendelea kutoa namba zenye sura ya kawaida. Hakuna kitakachoonekana kwenye jedwali.

Ala iliyowashwa upya huiwasha biti 7, na *ESR? ya kwanza hurudisha namba isiyopungua 128. Kwa kawaida, hata hivyo, ala nyingi huzifuta *ESE na *SRE zinapowashwa, na kwa hiyo haziwezi kuivuta kamba ya kengele. Amri ya *PSC 0 ndiyo inayoziagiza zisifute. Baada ya hapo, umeme ukirudi ala huomba huduma mara moja, nayo kompyuta hupata baiti ya 96, yaani 64 na 32, na kujua kwamba mipangilio yote lazima ipelekwe upya, pamoja na ruhusa za SCPI. Namba za dakika zile zitiwe alama. Zisichanganywe na nyingine.

Ikumbukwe kwamba si kila njia ya mawasiliano ina kengele. Njia ya zamani ya RS-232 haina waya wa kuombea huduma, na mawasiliano mepesi kwa waya wa mtandao mara nyingi hayana pia. Katika njia hizo madaftari yanaandikwa kama kawaida, ila kompyuta ndiyo inayolazimika kwenda kuyatazama, na utaratibu ule wa safu ya pili ndio unaobaki.

Yapo pia mambo ambayo rejista haiwezi kuyaona. Mikroprosesa iliyomo ndani ya ala huzitazama saketi zake mara kadhaa kwa sekunde, si kila wakati, na mtikisiko unaoanza na kwisha kati ya kutazama na kutazama hauandikwi popote. Nusu sekunde ya mfano huu ni muda mrefu kwa kitoa umeme cha kawaida. Lakini kidhibiti kikiwa cha aina inayoweza kuzimishwa na upungufu wa volteji wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, daftari la kitoa umeme halitoshi. Hapo osiloskopu iunganishwe, ipangwe ingoje volteji ishuke chini ya volti 10, na iulizwe kupitia rejista zake yenyewe kama ilichokuwa ikikingoja kimetokea.